Okestra ya nje, baridi ya Berlin na goti la mama wa Mikindani

Swali nalifupisha maana lilikuwa refu kidogo. Mama mmoja wa Mikindani, Mtwara, anaandika kwamba binti yake kaolewa Berlin, kamwita akakae nao mwezi wa sita mpaka wa saba, na mkwe keshakata tiketi za okestra ya Berliner Philharmoniker inayopiga nje, jioni, mahali panaitwa Waldbühne, watu elfu ishirini na ushee. Anauliza: "Nivae nini maana nasikia kule ni kiangazi? Nitasikia kitu kweli au ntaona watu wanatingisha mikono kwa mbali? Makofi yanapigwa saa ngapi, nisije nikamuaibisha mwanangu mbele ya wakweze. Na mie goti la kulia linanisumbua. Halafu nikisikiliza kwenye simu si ni yale yale?"

Shikamoo mama. Mie fundi mitambo, kazi yangu sauti, nilianza na tarumbeta kwenye bendi ya brasi hapa hapa kusini kabla sijahamia kwenye mixa, na hiyo Waldbühne nishakaa kwenye mabenchi yake kwa hiyo sikuhadithii ya kuambiwa. Nikwambie la kwanza kabisa ili usipoteze usingizi: makofi hayatakusumbua, Beethoven hatakusumbua, kitakachokusumbua ni baridi na ngazi. Haya mawili tukiyapanga vizuri mengine yote yanakaa yenyewe.

Tuanze na baridi. Kiangazi chao sio kiangazi cha korosho. Mwisho wa mwezi wa sita Berlin mchana unaweza ukawa nyuzi 24 hivi, unatoka na gauni jepesi unajiona uko Shangani, alafu jioni ikiingia inashuka mpaka 14 au 13, na wewe umekaa tu, hutembei, hufanyi kazi, masaa mawili na zaidi kwenye benchi la mbao. Kwetu hapa ata kipupwe kikibana na kusi linavuma usiku ni nadra kufika huko. Kwaiyo vaa tabaka tabaka: nguo yako nzuri ndani, sweta, koti juu, soksi nzito na viatu vya kufunika, sio ndala. Hakuna anayekuja na suti pale, mama, watu wanavaa wanavyotaka, ukivaa gauni la kitenge na koti la binti juu yake umependeza kuliko nusu ya watu. Beba kanga doti nzima, moja ya kujitanda moja ya kutandika, na mwambie mkweo abebe blanketi dogo na mto wa kukalia, mto usiusahau, benchi lile baada ya saa moja linaanza kukuuliza maswali.

Kuna kitu kingine kitakushangaza, nacho ni jua. Wewe umezoea saa kumi na mbili na dakika chache magharibi ishaadhiniwa. Kule mwisho wa Juni jua linazama kama saa tatu na nusu usiku. Okestra inaanza kama saa mbili na robo, mchana kweupe kabisa, unaona mpaka kishikizo cha shati la mpiga tarumbeta, alafu giza linaingia polepole muziki ukiwa unaendelea, taa za jukwaani zinaanza kuonekana, ile miti inayozunguka inakuwa myeusi. Ndio sababu wanaipenda sana hii shughuli, msimu wao wa baridi ni mrefu mno, jioni kama hizi wanazihesabu. Ila ujue Berlin wakati huo wako nyuma yetu saa moja, yaani wao wakimaliza saa nne na nusu mwili wako unasema saa tano na nusu, kwa hiyo siku hiyo lala mchana. Nasema kweli, lala, nimeona watu wamesinzia kwenye kipande kitamu kuliko vyote.

Haya, utasikia kitu? Hili ndio swali langu nalipenda, nivumilie kidogo.

Okestra yenyewe, watu 80, 90, mpaka 100, imetengenezwa kwa ajili ya ndani. Ukumbini fidla ikipigwa sauti inagonga kuta, inagonga dari, inarudi, ukumbi mzuri unaishikilia sauti kama sekunde mbili baada ya mpigaji kuacha, na ndio huo utamu watu wanaoulipia. Ukiwatoa nje hakuna ukuta, sauti inaondoka hairudi, na kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) kama sita. Tarumbeta na ngoma zinavumilia, fidla hazivumilii. Sio jambo la leo. Mwaka 1749 London walikuwa wanasherehekea mkataba wa amani kwa fataki pale Green Park, mfalme George wa pili akataka muziki wa mtunzi Handel upigwe kwa vyombo vya kijeshi tu, tarumbeta, honi, obo, ngoma, fidla hakuzitaka kabisa, Handel akawa anang'ang'ania fidla zake. (Siku yenyewe banda moja la fataki likashika moto, muziki ndio ukatoka salama.) Na sisi pwani hii beni na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyotamba enzi zile vilipita barabarani na vyombo vya kupuliza na ngoma, hawakupita na zeze, walikuwa wanajua wanachofanya. Ata leo bendi ya polisi ikipiga uwanjani siku ya sherehe unaisikia ukiwa barabarani, fidla ishirini peke yake usingezisikia.

Kwa hiyo siku hizi okestra ya nje lazima maiki. Hapo ndio kazi yetu inapoanza. Kila meza ya fidla ina maiki yake, imefunikwa sponji isidake upepo, zote zinakuja kwenye mixa, fundi anaongeza mwangwi wa bandia kidogo ili masikio yako yadanganyike yako ukumbini, alafu inatoka kwenye spika. Ugumu uko hapa: sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, maana yake mtu aliyekaa mita 100 kutoka jukwaani anapata sauti ikiwa imechelewa karibu theluthi ya sekunde. Ukiweka spika ya pili karibu nae ukaiacha ipige bila kuchelewesha, anasikia kitu kile kile mara mbili, fujo tupu. Fundi anayejua anazichelewesha zile spika za nyuma kwa hesabu mpaka zikutane na sauti inayotoka mbele. Arusi zetu hapa Mtwara hii ndio tunayoishindwa kila wiki, watu wanapanga spika nne pembe nne za uwanja zinapiga kwa pamoja, ukikaa katikati husikii hotuba ya bwana harusi, unasikia ugomvi, na ukimwambia mwenye mziki anaongeza sabufa.

Waldbühne wana bahati mbili. Ya kwanza ni umbo. Pale ni bondeni, walichimba na kupanga mabenchi mteremkoni kwa mfano wa majukwaa ya Wagiriki wa kale, ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1936 (ndio, enzi za Hitler, na jina la kwanza lilikuwa la mtu wao, walilibadilisha baada ya vita). Toka juu kabisa mpaka jukwaani ni mteremko wa karibu mita 30. Mteremko ule unafanya kichwa cha wa mbele kisikuzibe macho wala sauti. Bahati ya pili ni jioni yenyewe, na hii wewe wa Mikindani nikikueleza utanielewa haraka kuliko mkweo. Umeshawahi usiku mtulivu kusikia ngoma ya ng'ambo ya maji kama inapigwa nyuma ya nyumba yako? Ukikaa Shangani ngoma ya Msangamkuu mchana huisikii, usiku unaisikia mpaka kibwagizo. Sio kwamba wamezidisha nguvu. Jua likishazama hewa ya chini inapoa kabla ya ile ya juu, sauti iliyokuwa inapaa inapinda inarudi chini, inasafiri mbali. Kwaiyo okestra ya nje nusu ya pili huwa inasikika vizuri kuliko nusu ya kwanza, ukianza ukaona mbona sauti nyembamba usikate tamaa, subiri giza.

Kuhusu wapi mkae. Kama goti lingekuwa zima ningesema kaeni kati kwa kati, sio chini kabisa, sio pembeni ya spika. Lakini mlango mkubwa uko juu, mama, maana yake kila ngazi unayoshuka kwenda kwenye kiti utaipanda wakati wa kurudi, usiku, na watu elfu ishirini nyuma yako. Mwambie mkweo aangalie kwenye tiketi, kama imeandikwa sehemu tu bila namba ya kiti basi muwahi, mkae juu juu, katikati, karibu na njia ya ngazi ili mguu uunyooshe. Wapigaji utawaona wadogo, sawa, lakini sauti utaipata safi kutoka kwenye zile spika za nyuma, na goti litakushukuru kesho yake. Kama tiketi ni za chini na zishakatwa, binti awaandikie wenye ukumbi mapema aulize kuhusu njia ya wasioweza ngazi, wenzetu hayo mambo wanayajibu, usione aibu.

Simu sasa. Hapana mama, sio yale yale, na sikwambii hivi kwa ushabiki. Kile kispika cha simu sauti nene hakitoi kabisa, hakina ukubwa wa kuitoa. Dablubesi, lile fidla kubwa kuliko yote linalosimamishwa chini, waya wake mnene unatetemeka kama mara 41 kwa sekunde, kwenye simu hiyo nota unaikisia tu, pale uwanjani unaisikia kifuani. Lakini nami niwe mkweli upande wa pili: ya Waldbühne pia umepitishiwa kwenye waya na spika, sio fidla tupu. Ukitaka kuijua okestra bila umeme mwombe binti akupeleke kwenye ukumbi wa okestra hiyo hiyo, unaitwa Philharmonie, uliofunguliwa 1963, wapigaji wako katikati na watu wamewazunguka pande zote. Ile ya Waldbühne ndio wanafungia msimu, baada ya hapo wanakwenda likizo, kwa hiyo kama unataka ukumbini uende kabla. Na sio lazima hela, wana maonyesho madogo ya bure mchana, saa saba, katikati ya wiki, vikundi vya watu wachache. Mimi ningekuanzia na hiyo alafu ndio Waldbühne. Utajua fidla yenyewe inasemaje kabla hujaisikia kwenye spika.

Nani anapiga nini? Wala usiogope, nusu ya hivyo vyombo unavijua. Kama umekulia taarab asilia, ile ya Ikhwani Safaa ya tangu 1905 au Culture Musical Club ya 1958, basi fidla umezisikia, selo umeisikia, dablubesi umeisikia, tofauti huku ziko nyingi, fidla peke yake zinafika thelathini. Obo ni ndugu wa damu wa zumari, ule ulimi wa matete mawili ni ule ule, sauti ile ya puani kidogo, ukiisikia utaijua. Na obo ndio inaanza. Wakishakaa wote utasikia obo inatoa nota moja ndefu, mtetemo wa 440 au juu kidogo, alafu wote wanaingia kuirekebishia vyombo vyao, makelele ya dakika moja hivi. Huo bado sio muziki, usipige makofi. Ingawa ata ukipiga una wenzako: New York mwaka 1971 Ravi Shankar, mpiga sitar wa Kihindi, na wenzie walikuwa wanafunga nyuzi tu jukwaani, uwanja mzima ukawapigia makofi, akawaambia kwa upole kama mmependa matayarisho hivi natumaini mtapenda na mziki wenyewe.

Kwenye makofi watu wanajitesa bure. Sheria ya ukumbini ni hii: kipande kirefu kinakuwa na sehemu tatu nne, katikati wananyamaza kidogo, watu wanakohoa, hupigi makofi mpaka kiishe chote. Utajuaje kimeisha? Mwongozaji anashusha mikono kabisa na kuwageukia nyinyi, akiwa bado kaelekea kwa wapigaji na mikono iko juu, tulia. Basi, hiyo tu. Na nje wala hawabani hivyo, wengi wanapiga katikati, watoto wanazunguka, mtu anafungua chupa, hakuna wa kukutolea macho. Na huo ukimya mkali wenyewe sio wa zamani sana. Mtunzi Mozart mwaka 1778 simfoni yake ilipigwa Paris, watu wakashindwa kuvumilia wakapiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza, akamwandikia baba yake kwa furaha kabisa, kwamba ilipoisha alikwenda kula aiskrimu na kusali rozari aliyokuwa ameiweka nadhiri. Mwenye muziki mwenyewe alifurahi, sasa wewe unaogopa nini kwa wakwe?

Adabu inayohesabika kweli pale ni mbili, simu na nailoni. Simu zima sauti, na usiinyanyue juu kurekodi nusu saa nzima, aliyeko nyuma kalipa kama nyie. Nailoni: wenzetu wanakuja na vikapu vya chakula, mikate, jibini, matunda, wanakula kabla haijaanza na wakati wa mapumziko, nawe korosho zako ulizombebea binti zichukue, zitapendwa, ila zitoe kwenye mfuko wa nailoni nyumbani uweke kwenye bakuli la kufunika. Fidla zikiwa zinanong'ona mtu akaanza kuchakura mfuko, benchi tatu mbele na tatu nyuma zinageuka. Kuhusu ukubwa wa mkoba na chupa wana masharti yao mlangoni, mkweo ayasome kwenye tiketi kabla hamjatoka nyumbani msije mkanyang'anywa chai.

Na mvua? Inanyesha, kiangazi chao hakina dhamana. Jukwaa lina paa la turubai, nyinyi hamna. Usibebe mwavuli, unamziba wa nyuma, beba koti la mvua la nailoni la kujifunika mwili mzima (hili ruksa, tofauti na la korosho). Ikizidi wanasimamisha, fidla ya miaka mia mbili haichezewi na maji. Marekani kule Tanglewood, mwaka 1937, okestra ya Boston ilikuwa inapiga muziki wa mtunzi Wagner chini ya hema, mvua ya radi ikaja, muziki ukakatika, hema likavuja, vyombo vikaloa, na usiku ule ule mama mmoja msimamizi akapanda jukwaani kuchangisha hela za jengo. 1938 banda likawa limesimama, liko mpaka leo, pembeni wazi, watu wengine wanakaa kwenye majani nje. Ukiona wapigaji wamebana makaratasi yao kwa vibanio vya nguo ujue wanajihami na upepo, wala sio uswahili.

Kabla hujasafiri mwambie binti akutumie orodha ya watakavyopiga, huwa inatangazwa mapema. Kila kipande kisikilize mara mbili kwa earphone ukiwa unafanya shughuli zako, bila kukodoa macho, kitu ambacho sikio limeshakipitia linakishika. Mwanzoni utaona hakina kiitikio, sikiliza tu, utakuta kuna kanyimbo kadogo kanapigwa na fidla, baadae kanachukuliwa na klarineti, baadae tarumbeta, kanageuzwa geuzwa. Ukishakajua hako kanyimbo unakafuata, inatosha, hao wengine wote waliokaa pale wengi ndio wanachofanya.

Mwisho kabisa, wakishamaliza yaliyoandikwa, usinyanyuke. Wana desturi, wanafunga na wimbo wa Berlin wa Paul Lincke wa mwaka 1904 unaitwa Berliner Luft, mwendo wa kumachi, na uwanja mzima unapiga makofi ya kufuatisha na mbinja, watu wazima na heshima zao wanapiga mbinja. Hapo piga makofi mpaka mikono iwake moto, na mbinja kama unaiweza piga, na kama unajisikia kigelegele basi hakuna siku nyingine.

Baada ya hapo kaeni. Watu wote wale wanapanda ngazi kwa wakati mmoja kwenda stesheni ya Pichelsberg, treni ya kwanza inajaa, ya pili inajaa. Jifunike blanketi, maliza korosho, robo saa au dakika ishirini mwache umati upungue, alafu binti akushike mkono wa kulia, upande wa goti, mkweo abebe mto.